Mlima Hauna Neno, Neno Liko Njiani

Mwezi wa Septemba mwaka 2025 mabingwa wa dunia wa mbio za baiskeli za barabarani walikutana Kigali. Mashindano hayo yana umri wa zaidi ya miaka 100, na hayakuwahi hata mara moja kukanyaga ardhi ya Afrika. Siku ya mwisho wanaume walitakiwa kwenda kilomita 267.5, wakipanda na kushuka vilima mpaka jumla ya mipando ikapindukia mita 5,000. Wengi mno walianza, waliomaliza ni 30 tu. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia, na mji mzima ulijipanga kandokando ya barabara kumtazama.

Tangu siku hizo yamezuka mazungumzo katika Afrika Mashariki yetu. Kenya ina milima, ina barabara za lami zinazopanda mpaka mawinguni, na ina watu ambao miguu yao dunia nzima yaijua. Basi mbona katika baiskeli hatuonekani? Wako wanaojibu kwa haraka kwamba sisi ni watu wa mbio za miguu, baiskeli si asili yetu. Jawabu hilo ni jepesi, na aghalabu jawabu jepesi huwa pungufu.

Tuipime hoja hii mahali ambapo hapatajwi kabisa mchezo huu unapozungumzwa: Silanga, katika Kibera ya Nairobi.

Msomaji wa pwani asidhani Kibera ni nchi ya mbali naye. Walioianzisha mwanzoni mwa karne iliyopita ni askari wa Kisudani wa jeshi la Mwingereza, tunaowaita Wanubi, Waislamu wenzetu, waliopewa msitu ule wakae baada ya utumishi wao. Wameidai haki ya ardhi hiyo vizazi na vizazi, na ni mwaka 2017 ndipo walipokabidhiwa hati ya ekari 288. Silanga ni kijiji kimojawapo cha Kibera, upande wa chini, karibu na Bwawa la Nairobi. Jina lenyewe latokana na maji, kwani kwa Wakamba silanga ni bwawa. Bwawa hilo leo limejaa matope na magugu, na mvua kubwa zikinyesha, kama zilivyonyesha mwaka 2024, maji huwafuata watu majumbani.

Sasa simama hapo Silanga utazame upande wa magharibi. Siku ya uwazi utaiona Milima ya Ngong, imejipanga mfano wa vifundo vya ngumi, kilele chake kikipita mita 2,400 juu ya bahari. Kwa mpanda baiskeli hiyo ni safari ya asubuhi moja. Atoke Lang'ata, ashike barabara ya Magadi, apite Ongata Rongai na Kiserian, kisha aanze kupanda bega la milima mpaka Kona Baridi, mahali ambapo upepo humpiga mtu kifuani kama anayemwambia arudi kwao. Akilivuka bega lile, nchi yote inamfungukia. Bonde la Ufa liko chini yake, na barabara yateremka kupitia Olepolos na Oltepesi mpaka Olorgesailie, kwenye mashoka ya mawe ya watu wa kale, na mwisho Magadi, ziwa la chumvi lililo kiasi cha mita 600 tu juu ya bahari. Hapo ndipo ajuapo maana ya ule usemi kwamba kupanda mchongoma si kazi, kushuka ndio ngoma, maana joto humpokea kama tanuri, na kurudi ni kuyapanda yote aliyoyashuka.

Na hiyo ni njia moja. Iko ya Limuru, inayopita katikati ya mashamba ya chai na kuporomoka ukingoni mwa bonde hadi Mai Mahiu, penye kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kitaliani mwaka 1942 walipokuwa wakiijenga barabara hiyo. Iko ya Iten, mji uliokaa kwenye mita 2,400. Hiyo hushuka kwa mizunguko kupitia Tambach mpaka Mto Kerio, kisha hupanda tena ng'ambo ya pili mpaka Kabarnet. Wageni hulipa fedha nyingi na kupanda ndege ili wapate siku chache za kuendesha baiskeli katika njia hizi.

Kijana wa Silanga hahitaji ndege. Anachohitaji ni kufika Lang'ata akiwa mzima.

Hapa ndipo penye kiini cha neno letu. Mlima haujawahi kumzuia mtu wa nchi hii. Kinachomzuia ni zile maili za mwanzo, za tambarare, ambazo hakuna mtalii anayezipiga picha. Vichochoro vya Silanga ni vyembamba, na wakati wa mvua mtu huibeba baiskeli badala ya baiskeli kumbeba yeye. Akitokea barabara kuu anakutana na matatu zisizosimama zinapopaswa, malori ya mchanga, na pikipiki zinazokuja upande usio wake. Ukingo wa lami umemeguka na kando yake ni mtaro. Kila mwaka barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000, na kundi kubwa kuliko yote katika hao ni waendao kwa miguu. Mpanda baiskeli yumo humo humo na wenziwe walio wanyonge wa barabara.

Wala si kwamba wakubwa hawakuambiwa. Mwaka 2015 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza siasa mpya kuhusu waendao kwa miguu na kwa baiskeli, ikaahidi kwamba asilimia 20 ya fedha za barabara zitatengwa kwa ajili yao. Ahadi ilikuwa njema. Kisha mwaka 2022 ikafunguliwa ile barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27, ambayo baiskeli haziruhusiwi kuikanyaga. Zile barabara chache zilizotengenezewa kijia cha baiskeli, utakuta kijia kimegeuzwa maegesho ya pikipiki na uwanja wa vibanda. Maskini wawili wanagombania kijia kimoja, na tajiri amepita juu yao.

Wako watakaosema: mbona Kenya imemtoa bingwa? Ni kweli, na kisa chake kina mafunzo. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na akakulia Karen, mwendo mfupi tu kutoka Kibera. Alipokuwa kijana mdogo alifundishwa na David Kinjah, Mkenya wa Kikuyu ambaye alijitokeza mwenyewe mpaka akaingia timu ya Kitaliani mwaka 2002. Nyumba ya Kinjah ilikuwa chuo. Vijana walilala hapo, walitengeneza baiskeli zao kwa mikono yao, wakatoka alfajiri kuipanda miinuko. Mwaka 2006 Froome aliiwakilisha Kenya katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Melbourne, pamoja na mwalimu wake. Miaka miwili baadaye alichukua uraia wa mchezo wa Uingereza, na kwa bendera hiyo akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017.

Hatumlaumu. Lakini tutazame waliobaki. Wenziwe wa nyumba ile ya Kikuyu walipanda milima ile ile kwa hewa ile ile. Tofauti ilikuwa pasipoti, shule, na mtu wa kulipa nauli ya ndege. Mwaka 2008 vijana wawili wa Eldoret, Zakayo Nderi, mng'arisha viatu, na Samwel Mwangi, aliyekuwa akibeba abiria kwa baiskeli, walipelekwa Ufaransa na Nicholas Leong wa Singapore. Huko waliupanda Alpe d'Huez, mlima wenye kona 21 unaoogopwa na mabingwa. Nderi alitumia dakika 42 na kidogo, muda uliowastaajabisha hata wajuzi wa mchezo huo. Mguu ulikuwako. Aliyeuona ni mgeni.

Kutokana na juhudi za namna hiyo akatokea Suleiman Kangangi, aliyeshika nafasi ya tatu katika mashindano ya Rwanda ya mwaka 2017, akawa nahodha wa Timu ya Amani, na akajitolea kuwafungulia wadogo zake mlango. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka kwenye mashindano katika jimbo la Vermont, Marekani, akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 33. Wengi walijifunza jina lake siku ya msiba, na hiyo ni aibu yetu sisi wenye magazeti pia.

Basi wenzetu wamefanyaje? Rwanda ilianza mashindano yake mwaka 1988, na tangu mwaka 2009 yamo katika kalenda ya dunia. Serikali iliyashika mkono, ikatengeneza barabara, ikaifanya baiskeli kuwa balozi wake. Hatusemi Kigali wanakaa malaika. Mwezi wa Februari 2025, Goma ilipokuwa imeanguka mikononi mwa M23, Bunge la Ulaya lilitaka mashindano yale yaondolewe Rwanda ikiwa nchi hiyo haitabadili mwenendo wake katika Kongo, na hoja hiyo ilikuwa na uzito wake. Mchezo waweza kuwa pazia zuri la kufunikia mengi. Lakini hata mwenye kuilaumu Rwanda atakiri kwamba nia ilikuwako, na penye nia pana njia.

Mfano ulio bora zaidi ni Eritrea. Waitaliani walipeleka baiskeli Asmara, mji ulio juu ya mita 2,300, nao wenyeji wakaichukua wakaifanya yao. Huko mzee huenda nayo sokoni, karani kazini, mtoto chuoni. Ndiyo maana mwaka 2024 Biniam Girmay alipokuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France, kisha akashinda mbili nyingine na kuvaa fulana ya kijani mpaka mwisho, Asmara haikushangaa; ilishangilia. Bingwa hatoki mlimani. Hutoka mahali ambapo baiskeli ni chombo cha kila siku na barabara haimwui anayeipanda. Mlima humnoa tu.

Nasi wa pwani tusiyatazame haya kama habari za bara. Baiskeli ni chombo chetu cha tangu zamani. Imebeba samaki, madafu, maji na bibi harusi. Na mlima tunao. Anayetoka Mwatate kupanda Wundanyi katika Milima ya Taita, kwa kona zile na ukungu ule, huku Vuria ukimwangalia kutoka juu ya mita 2,200, hana haja ya kuitamani Ulaya. Lakini muulize mwenye baiskeli wa Changamwe anavyofika barabara ya Nairobi katikati ya malori ya bandari, atakusimulia yale yale ya Silanga.

Tuliosoma chuoni tulifundishwa kwamba hata kuondoa kinachoudhi njiani ni tawi katika matawi ya imani, na kwamba njia ina haki yake juu ya watu. Mafunzo hayo hayakuwekwa kwa ajili ya mwiba na jiwe peke yake. Kijia cha baiskeli kilichozibwa ni udhia, na mtaro usiofunikwa ni udhia. Ahadi ya asilimia 20 iliyosahauliwa ni udhia mkubwa zaidi, kwa sababu aliyeuweka njiani ana kalamu na anaweza kuuondoa. Kaunti ya Nairobi iulizwe, kila bajeti inaposomwa, asilimia hiyo imekwenda wapi. Na kijia cha kwanza kijengwe kuanzia Silanga, si kuanzia Karen, maana aliyeko Karen ana gari la kuibeba baiskeli yake mpaka chini ya mlima. Wa Silanga hana ila miguu yake, na miguu hiyo ndiyo tunayodai kwamba dunia nzima yaijua.