Swali Linalobaki Ng'ambo

Jioni ikikaribia, mwanafunzi wa Alunguli anayesoma ng'ambo huwa na hesabu mbili kichwani: somo la leo, na mtumbwi wa kurudi nyumbani. Hapa Kindu, Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa magharibi wa mto Lualaba. Alunguli iko peke yake mashariki. Profesa anapofunga daftari, wanafunzi wengine hubaki wamemzunguka na kumwuliza. Wa Alunguli anateremka mtoni.

Toleo hili linahusu umbali huo, na mto ni sehemu yake ndogo. Katika vyuo vingi vya mikoa yetu maprofesa ni wachache. Kozi hufundishwa na profesa mgeni kutoka Kisangani, Lubumbashi, Bukavu au Kinshasa, ikabanwa katika siku chache, asubuhi hadi jioni. Unafuata mtihani, kisha safari. Kinachobaki ni silabusi.

Profesa huyo simlaumu. Bila yeye kozi isingefundishwa kabisa. Lakini swali zito halizaliwi darasani. Huzaliwa usiku, mtu anaposoma peke yake na kugundua kwamba alichokinakili hakukielewa. Saa hiyo mwenye jibu amekwisha kuondoka.

Mfumo wa LMD wa masomo ya chuo kikuu, ulioanza kwetu mwaka wa masomo 2021-2022, unahesabu kazi binafsi ya mwanafunzi kuwa sehemu ya kozi. Kama saa zake za kutafuta zinahesabiwa, saa za kumjibu nazo zihesabiwe.

Wapo watakaosema kwamba darasa la mamia haliwezi kusikilizwa mmoja mmoja. Ni kweli. Hata hivyo, kabla ya kutoa kitabu chake kikuu mwaka 1972, Walter Rodney, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwapa mswada vijana wawili wa chuoni hapo, Karim Hirji na Henry Mapolu, wausome na kuukosoa. Akawashukuru katika dibaji. Anayewasikiliza wanafunzi, hata wawili tu, hujifunza pia.

Ombi letu ni hili. Kila kozi itengewe nusu siku ya maswali tu kabla ya mtihani, tena mchana, ili wa Alunguli wavuke kabla ya giza. Na asistenti anayebaki Kindu apewe saa na chumba vinavyojulikana na wote.

Watoto wetu tunawaambia kuuliza si ujinga. Basi ratiba ya kozi ijayo ibandikwe ukutani ikiwa na saa ya kuuliza.