Tusiuonee haya ugali wa mtama

Mwaka huu nilipoanza kuota kitambi, watu wa hapa Kinampanda walinipongeza kuwa nimenawiri. Nilicheka, lakini sikufurahi.

Mafuta ya mwilini si akiba iliyolala tu. Mtu akinenepa kupita kiasi, chembe za mafuta hutanuka mno na nyingine hufa. Hapo askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, hukusanyika kama wanavyokusanyika mguu ukichomwa na mwiba. Mwiba ukitolewa, uvimbe hupoa. Huu wa unene haupoi. Huendelea chini kwa chini miaka na miaka, na huchangia kisukari na maradhi ya moyo. Askari walioshughulishwa hivyo hawapigani vizuri adui wa kweli akija. Wakati wa UVIKO-19 wanene sana walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa.

Chakula chenyewe nacho kina mkono wake, hata kwa asiye mnene. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walitoa matokeo ya jaribio lililofanyika Kilimanjaro. Vijana wa kiume wenye afya, waliozoea vyakula vya asili, walilishwa vyakula vya kizungu kwa wiki 2. Uzito uliongezeka, dalili za uvimbe katika damu zikapanda, na chembe za kinga zikalegea mbele ya vijidudu. Waliotolewa kwenye vyakula hivyo wakapewa vya asili, kama mboga, maharage na nafaka zisizokobolewa, kwao uvimbe ulipungua. Wiki 2 tu!

Sasa sisi. Mtama, uwele, kunde na mlenda ni vyakula vyetu hapa Iramba, lakini mwanafunzi aliyebeba ugali wa mtama hujificha nyuma ya ukuta, na mwenye soda na chipsi hula katikati ya uwanja. Hapo ndipo ninapogombana nanyi. Tena wapo wanaomwita mwenzao mnene "Pipa", kana kwamba kejeli ni dawa, na huyohuyo anayecheka ana mandazi manne mkononi.

Sisemi mafuta yetu ya alizeti ni sumu. Ninalalamikia kukaanga kila kitu, kila siku.

Kwa mahafali yajayo nimeomba pilau ipunguzwe, yawekwe masufuria mawili ya kunde na ugali wa uwele. Kamati ya mapishi imenijibu kuwa wageni watatuona maskini. Nimerudisha ombi langu mara ya pili.