Watoto Wetu na Mashamba Yaliyoachwa

Atokaye Bukavu kwenda Kabare au Kalehe huona kando ya njia mashamba makubwa ya zamani ya kahawa, chai na kinini. Mengi yalipandwa na walowezi wakati wa utawala wa Wabelgiji. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitwaliwe na kupewa wenyeji, na mashamba mengi yakakosa mtunzaji. Vita vya 1996 na 1998 vikaongeza uharibifu. Pasipolimwa huota magugu. Penye magugu huja panya buku, ndezi na kwale. Na nyuma yao huja vijana wetu na mbwa.

Twawaona wakienda baada ya masomo. Hutafuta njia ya mnyama katika majani, hupinda mti mchanga, hufunga kitanzi cha waya wa breki ya baiskeli, kisha hungoja mpaka asubuhi. Hatuwadharau. Katika nyumba ambamo ugali na sombe havina hata sambaza wa kusindikizia, panya mmoja mnene ni furaha ya jioni nzima. Lakini yako mambo matatu ambayo mzazi hana budi kumwambia mwanawe.

La kwanza ni vyuma. Kichakani hulala mabati yenye kutu na magari mabovu, na pengine mabomu na risasi zilizoachwa na askari. Silaha hizo, hata zikila kutu miaka mingi, zaweza kulipuka zikiguswa, zikipigwa jiwe, au zikifikiwa na moto uliowashwa ili kuwafukuza wanyama. Mtoto akiona chuma asichokijua, asikiguse. Arudi kwa njia ile ile aliyojia, amwambie mtu mzima.

La pili ni ugonjwa. Mpox, iliyoenea Kamituga tangu mwaka 2023, imeambukizwa zaidi kati ya mtu na mtu. Lakini virusi vyake hukaa pia katika wanyama wa porini, na mwaka 1985 vilipatikana katika kindi mmoja wa nchi yetu. Basi, mnyama aliyekutwa amekufa au amelegea asiokotwe. Amchunaye mnyama anawe kwa sabuni, na nyama iive sawasawa.

La tatu, mtego hauchagui. Katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, gorila dume aitwaye Mugaruka alipoteza mkono mmoja kwa sababu ya mtego. Kuwinda humo ni marufuku, na mtoto hajui daima mpaka uko wapi.

Je, tuwakataze tu? Katazo lisilo na kitoweo halidumu. Familia nyingi za Kivu hufuga simbilisi, wale wanyama wadogo walao majani na maganda ya jikoni. Hawahitaji zizi kubwa, huzaa upesi, na hata siku ya kukimbia vita mama aweza kuwabeba kikapuni. Mpe mwanao majike mawili na dume mmoja. Mfundishe kuwakatia majani. Atakula nyama, na akiuza wawili watatu atapata daftari.

Wahenga walisema: mchelea mwana kulia hulia yeye. Tuseme nao leo jioni, kabla hawajachukua mbwa na kwenda.