Waulizeni wachezaji kabla ya kubomoa

Januari 2026, kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, iliondoa Treasure Hunter kwenye mchezo wake wa RuneScape. Humo mchezaji alikuwa akinunua funguo kwa pesa halisi, kisha anafungua kasha asilojua lina nini. Novemba iliyotangulia wachezaji walikuwa wameambiwa: zikipatikana kura 100,000, biashara hiyo inafungwa. Zikapatikana. Habari hiyo ilinifurahisha mno, maana biashara ya bahati nasibu iliingia mchezoni mwaka 2012, ikaletwa na kampuni ambayo kabla ya hapo ilipinga waziwazi mtu kutumia pesa kuwapita wenzake.

RuneScape ulifunguliwa Januari 2001 na Andrew Gower na nduguye Paul. Ulichezwa ndani ya kivinjari cha intaneti, bila CD na bila kompyuta ya nguvu, na sehemu kubwa ilikuwa bure. Ndiyo maana ulitufikia. Vijana wa rika langu hapa Mombasa tuliuchezea saiba, kwenye mashine zilizokuwa zikigoma kufungua mchezo mwingine wowote wa maana.

Mimi nilikuwa mvuvi wa kamba mawe. Unapanda jahazi Port Sarim kwa sarafu 30, unashuka Musa Point kisiwani Karamja, unakwenda gatini kutega dema. Kamba mawe hawapatikani mpaka stadi yako ya uvuvi ifike kiwango cha 40, na kukifikia ni kazi ya siku nyingi za kutega kamba wadogo na dagaa. Mkoba una nafasi 28 tu. Ukijaa, unalipa tena sarafu 30, unavuka, unatembea hadi benki ya Draynor kuweka ulichovua, halafu unarudi. Ukiona wenzako gatini mnapiga soga, mmoja anatokea nchi usiyoijua, mwingine anakupa shoka alilolichoka. Asiyewahi kucheza ataona ni upuuzi. Lakini kila samaki aliyekuwa benki alikuwa na saa yangu ndani yake, na saa ile niliilipia kwa shilingi.

Kwa hiyo ninaposema mchezo wa aina hii una wenyewe zaidi ya mmoja, sisemi kwa mapenzi tu. Kampuni iliweka seva na programu, watu wakaweka miaka. Uchumi wa Venezuela ulipoanguka, wapo waliokuwa wakikesha kuua majoka ya kijani humo na kuuza sarafu zake kwa dola wapate kula. Kanuni za mchezo zinakataza, na nadhani zina haki kukataza, ila hakuna awezaye kuniambia ile haikuwa kazi.

Biashara hiyo hiyo ya sarafu, miaka kadhaa kabla ya hapo, ndiyo iliyoleta msiba wa kwanza. Wauzaji walikuwa wakilipia akaunti zao kwa kadi za benki za wizi, na hasara ikairudia Jagex. Desemba 2007 kampuni ikafuta mapigano ya wachezaji nyikani, na Januari 2008 ikaweka kikomo cha unachoweza kumpa mwenzako. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, lakini dawa walinyweshwa wote, wezi na wasio wezi. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu hadi kura ikapigwa, watu zaidi ya milioni moja wakajitokeza, tisa katika kila kumi wakataka mambo ya zamani, na Februari 2011 yakarudi.

Ungedhani somo limeingia. Novemba 2012 mfumo mzima wa kupigana ukabadilishwa. Uliozoeleka ulikuwa mwepesi: unambofya adui, unangoja, unakula samaki ukiumia. Ukaja mpya wa vitufe vingi na mahesabu ya haraka. Watu waliondoka kwa makundi.

Kilichouokoa mchezo ni nakala rudufu ya Agosti 2007 iliyokuwa bado imehifadhiwa. Nakala moja! Ingekuwa imefutwa, dunia ile ingekuwa imekwenda moja kwa moja. Februari 2013 Jagex ikauliza kama irudishwe, karibu kura 450,000 zikapigwa, na ikafunguliwa tarehe 22 mwezi huo huo kwa jina la Old School RuneScape. Tangu hapo ikawa desturi kwamba jambo kubwa jipya haliingii humo bila kura: kwanza asilimia 75 lazima wakubali, siku hizi 70. Tangu Oktoba 2018 unachezwa kwenye simu kwa akaunti ile ile, na leo una wachezaji wengi kuliko RuneScape ule ulioendelea mbele.

Wapo wanaosema kura hugandisha mambo. Mwaka 2019 stadi mpya ya Warding ilitakwa na karibu theluthi mbili ya wapiga kura, na bado ikakataliwa. Lakini stadi ya ubaharia, ambayo kwa miaka ilikuwa mzaha wa Siku ya Wajinga, ilipita mwaka 2023 na kuingia Novemba 2025. Walioitengeneza walilazimika kuieleza, kuirekebisha na kuiombea kura hatua kwa hatua. Mimi naona huo ndio mwendo unaofaa.

Mpwa wangu ana miaka kumi na mitatu. Katika mchezo wake wa soka wa kwenye simu hununua makasha ya wachezaji kwa M-Pesa ya mamake, na kila msimu mpya timu aliyoijenga inakosa thamani. Hakuna aliyemuuliza chochote.

Hata kwa Jagex, kura bado ni hisani. Kampuni imenunuliwa mara kadhaa: na Wachina mwaka 2016, Macarthur Fortune mwaka 2020, Carlyle mwaka 2021, na CVC pamoja na Haveli mwaka 2024. Mnunuzi ajaye anaweza kuifuta kura asubuhi moja. Nataka iandikwe ndani ya masharti ambayo mchezaji huyakubali anapofungua akaunti, pamoja na ahadi ya kuhifadhi nakala ya kila toleo kabla halijaguswa.