Bastola Ndogo, Kishindo Kikubwa



Wafanyabiashara wa ng'ombe na wa mazao husafiri na fedha nyingi, na baadhi yao wana kibali cha kumiliki bastola. Mara nyingi mtu hutamani iliyo ndogo ya kuingia mfukoni, lakini yenye risasi kali. Nani apewe kibali si kazi ya ukurasa huu wa afya. Lakini kwa maoni yangu, anayetia risasi kali katika bastola fupi na nyepesi amechagua silaha itakayomdhuru yeye na jamaa zake kabla ya kumdhuru mwizi.

Risasi iitwayo Magnum .357 ilianza kuuzwa huko Marekani mwaka 1935. Ilitengenezewa rivolva kubwa, yaani bastola yenye gurudumu la risasi linalozunguka. Mtutu wake ulikuwa mrefu na uzito wake ulizidi kilo 1. Baadaye risasi hiyo hiyo ikaingizwa katika rivolva ndogo, na tangu mwanzo wa miaka ya 2000 zimekuwapo zenye uzito usiofika gramu 400. Hata jembe lisilo na mpini ni zito kuliko hapo.

Sasa fikiria mtu anayeruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda nchi kavu. Yeye huenda mbele, mtumbwi hurudi nyuma, na mtumbwi mdogo hurudi kwa kasi kuliko mkubwa. Bastola nayo ni hivyo hivyo. Teke lake huumiza kiganja na kifundo cha mkono. Baada ya risasi mbili tatu mpigaji huanza kufumba macho kabla hajafyatua, na risasi huenda isikokusudiwa. Hata hivyo, mkono uliovimba hupona. Sikio ndilo lisilopona.

Katika mtutu mrefu baruti hupata nafasi ya kuungua humo ndani. Katika mtutu mfupi wa inchi 2 hivi, nyingine hutoka nje ingali inawaka, na mdomo wa mtutu uko karibu zaidi na uso wa mpigaji. Tena rivolva ina mwanya mdogo kati ya gurudumu na mtutu, na humo moto na kishindo hupenya pembeni.

Wataalamu hupima sauti kwa desibeli. Maongezi ya kawaida ni kama 60. Kelele za 85, mtu akikaa nazo saa 8 kila siku, huanza kudhuru. Kishindo cha ghafla hakitakiwi kuzidi 140. Rivolva ya .357 hupita 150, na mara nyingi hufika 160. Usidhani nyongeza ya 20 ni ndogo, maana kipimo hiki hakipandi kama bei ya sukari. Kila desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa mara 10. Basi 160 ni mara 100 ya 140.

Ndani kabisa ya sikio mna mrija uliojikunja kama kombe la konokono, na humo mna chembe zenye vinyweleo zipatazo 15,000. Hizo ndizo zinazopokea sauti. Zikifa hazioti tena, na hakuna dawa ya kuziotesha. Za sauti nyembamba ndizo hutangulia kufa. Kwa hiyo mgonjwa husikia kwamba mtu anasema, lakini hayashiki maneno, hasa ya wanawake na watoto. Huanza kulalamika kwamba mkewe siku hizi ananong'ona. Wengine husikia mlio kama wa nyenje usiku kucha, wala nyenje hayupo.

Mfikirie basi mtu huyo akifyatua usiku ndani ya chumba kidogo. Kishindo hupiga kuta na bati na kurudi. Mkewe yumo, na mtoto mchanga yumo kitandani.

Wapo watakaosema kuwa mwizi hangoji uvae vizibo vya masikio. Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu uamuzi lazima ufanywe siku ya kununua. Rivolva iliyotengenezwa kwa Magnum .357 hukubali pia risasi ya .38 Special, ambayo ni ya zamani zaidi na ina nguvu ndogo. Nayo bado hupita 140, lakini teke na kishindo chake hupungua. Unapojifunza shabaha, vaa vizibo au vifuniko vya masikio vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Pamba haitoshi.

Wewe unayelinda shamba dhidi ya nguruwe na nyani usiseme haya ni ya matajiri. Bunduki ya marisau na gobore pia hupita 140, na wewe muda wa kuvaa vizibo unao. Ni jambo la ajabu kijiji kumpa mlinzi risasi kisha kumnyima vizibo. Watoto nao wanaokusanyika kutazama wafukuzwe mbali.

Sikio likivuma baada ya mlio wa bunduki, usitie mafuta wala maji ya majani. Likitoka damu, au mvumo usipokoma hadi asubuhi, nenda zahanati siku hiyo hiyo uandikiwe kwenda hospitali yenye mganga wa masikio. Dawa zinazoweza kusaidia, ingawa si kila mara, hutakiwa katika siku za kwanza.