Video ya Somo Isidai Plagini

Wanachuo wenzangu, hasa sisi wa ualimu, hili linatuhusu. Video ya kufundishia inayomlazimisha mtu kwanza apakue plagini, yaani kile kiprogramu cha ziada cha kupachika kwenye kivinjari, haifai tena darasani.

Mfano hai ni Flash. Sisemi flashi tunayochomeka steshenari kuprinti asaimenti. Nasema Flash Player ya Adobe, iliyokuwa ikiendesha video na katuni kibao mtandaoni. Mwaka 2017 Adobe walitangaza kwamba wataiacha. Tarehe 31 Desemba 2020 wakaacha kuihudumia, na kuanzia 12 Januari 2021 ikawa yenyewe inazuia maudhui yake yasicheze. Kwenye simu ndiyo ilishakufa kitambo: iPhone haikuwahi kuikubali, na upande wa Android Adobe walijitoa 2012.

Lakini nenda mashuleni uone. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha kule Mbagala, kompyuta za shule zilikuwa na somo zuri tu la mzunguko wa damu. Ukibonyeza, linatokea boksi la kijivu linalodai Flash. Wanafunzi wamebanana watano kwa kompyuta moja, wanatazama boksi. Somo likaendelea kwa chaki.

Wapo wanaosema, "Si utafute tu toleo la zamani?" Hapana. Matundu yake ya usalama hayazibwi tena, na "Flash mpya" feki ni mtego wa siku nyingi wa kupenyeza virusi. Halafu bando la kuhangaika huko ni la nani?

Dawa ipo, tena bure. HTML5 ilipitishwa kuwa kiwango rasmi Oktoba 2014, na kwa mfumo huo kivinjari chenyewe kinacheza video. YouTube waliufanya kuwa chaguo lao la kawaida Januari 2015. Hata PhET, yale majaribio ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, mengi yametolewa kwenye Flash na Java yakaandikwa upya kwa HTML5. Yanafunguka kwenye simu, unaweza kuyapakua ukayatumia bila intaneti, na mengine yapo kwa Kiswahili.

Kwa hiyo tudai mambo mawili. Kwanza, wahadhiri waweke video za mihadhara kwa MP4, ziwe nyepesi na ziruhusu kupakuliwa, ili anayeishi Tandika au Bunju achukue kwa Wi-Fi ya chuo, akatazame geto bila kuchoma bando. Serikali ya wanafunzi ilifikishe hili kwa uongozi.

Pili, sisi wenyewe. Kabla hujaingia na video darasani, ifungue kwenye simu ya kawaida, kwenye kivinjari kisichoongezewa kitu. Ikidai plagini, itafute nyingine. Kipindi ni dakika 40 tu, na hazirudi.