Usinunue Sensa ya Presha Kabla Fundi Hajapima

Leo naacha mbegu na mbolea kidogo, maana mazao yakishavunwa lazima yafike sokoni, na wengi wetu tunategemea kirikuu au Noah iliyokwisha kula miaka. Msimu wa nyanya naulizwa sana: "Afisa, gari inakula mafuta, inatoa moshi mweusi na mlimani haivuti. Fundi anasema ni sensa ya presha ya hewa. Ninunue?"

Usinunue mpaka apime mbele yako.

Sensa hii inapima presha ndani ya manifoldi, ile njia ya kupeleka hewa kwenye injini, na kuiarifu kompyuta ya gari. Kompyuta ndiyo inayoamua petroli itoke kiasi gani. Gari ikiunguruma bila kukanyagwa, presha humo ni ndogo. Ukikanyaga mafuta inapanda, na petroli inaongezwa. Sensa ikidanganya kwamba presha iko juu muda wote, petroli inamwagwa kama vile unapanda Kitonga na mzigo, kumbe umesimama kijiweni. Hapo unapata moshi mweusi, plagi zenye masizi na gari kuzimazima.

Shida ni kwamba dalili hizo hizo huletwa na chujio cha hewa kilichoziba au nozeli inayovuja. Ni sawa na mahindi kuwa ya njano: inaweza kuwa njaa ya nitrojeni, inaweza kuwa maji yametuama shambani. Ukikimbilia urea bila kuchimba uone mizizi, umetupa hela.

Namfahamu mfanyabiashara aliyenunua sensa mbili za mtumba ndani ya wiki moja, matenga ya nyanya yakimsubiri na kuanza kutoa maji. Sensa yake haikuwa na kosa. Kwenye baadhi ya magari sensa hukaa mbali kidogo na kuunganishwa kwa mpira mwembamba, na wa kwake ulikuwa umepasuka. Sensa ilikuwa inasoma hewa ya nje tu. Mpira wenyewe bei yake haizidi soda chache. Nilikasirika kuliko yeye, nakiri.

Kwa hiyo anza na mpira na soketi. Angalia mpasuko, kutu na waya uliotafunwa na panya. Kisha fundi achukue mita ya umeme. Sensa nyingi za aina hii zina waya tatu: mmoja unaleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, mmoja ni hasi, na mmoja unarudisha taarifa. Swichi ikiwa imewashwa bila kuwasha injini, volti 5 zisipofika, tatizo ni waya au kompyuta, na sensa mpya haitasaidia kitu. Zikifika, apime waya wa taarifa. Injini ikiwa imezimwa usomaji uwe juu. Ikiwashwa na kuunguruma taratibu ushuke sana, mara nyingi kati ya volti 1 na 2. Kwenye sensa ya mpira unaweza hata kuvuta hewa kwa mdomo na kuona namba ikishuka. Isiposogea kabisa na waya ni wazima, hapo sasa nunua.

Ndugu zangu wa Njombe, msishtuke usomaji wa injini iliyozimwa ukiwa chini kuliko wa Dar es Salaam. Huko juu presha ya hewa ni karibu asilimia 80 ya ile ya pwani, na sensa inasema kweli.

Fundi asiye na mita mwache abadilishe oili na breki, anazifanya vizuri. Na kama mpira umepasuka mwishoni tu na una urefu wa kutosha, kata sentimita mbili uurudishe ubane vizuri, utakufikisha sokoni na kukurudisha.